Ngome ya Jangwani Kutoka Katoyi

Tangu nirudi, kila anayenikuta hapa Katoyi, mtaani kwetu Goma, ananiuliza jambo lilelile: ilifika nzima? Wengine hata salamu wanairuka. Nimejibu vipande vipande, kwa huyu hiki na kwa yule kile, na sasa naona habari zangu zimeanza kupingana. Ndiyo maana naandika. Anayetaka kujua yaliyotokea asome hapa, kisha tukikutana anisalimie kwanza.

Kwa asiyenijua: mimi ni Josué, mchoraji wa vibao vya maduka. Vibao vinanilisha, lakini moyo wangu uko kwenye kazi nyingine. Natengeneza majengo madogo ya michezo ya vita ya mezani. Watu wazima wanazunguka meza, wanapanga askari wa urefu wa kidole gumba, wanarusha kete na wanapigania mlima, au daraja, au ngome. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama picha kwenye simu na kuharibu katoni nyingi. Picha zilizonishika kuliko zote ni za ngome ambazo Wafaransa walijenga Sahara zamani za ukoloni: kuta nene, mnara kila pembe, lango moja, na mchanga mpaka macho yachoke. Nadhani zilinishika kwa sababu zimenyooka. Mimi napenda kitu kilichonyooka, na Goma hakuna kilichonyooka, hata ardhi yenyewe ilimwagika kutoka kwenye volkano.

Daktari wa meno wa Kampala, Okello, aliona picha za ngome yangu kwenye kundi letu la wachezaji. Akaniandikia: ilete, Jumamosi tutaichezea kwangu. Nilisoma ujumbe huo mpaka simu ikazima. Kwa mara ya kwanza watu wanaojua wangekaa mbele ya kazi yangu. Nilitaka mambo mawili tu: ifike nzima, na mmoja wao aseme iko sawa. Kama mnavyojua, mtaani mnaniita Usiguse, kwa kuwa hilo ndilo neno ninalowaambia watu wote wanaoingia chumbani kwangu. Fikirieni basi mtu wa namna hiyo akipeleka ngome ya frigolite mpaka nchi nyingine.

Katoyi: chukudu ya vifungo

Kuta nilizikata kutoka frigolite, ile nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya katoni za televisheni. Nikazipaka gundi iliyochanganywa na chokaa, nikazikwangua, nikazipaka tena. Mchanga ulinitesa. Sisi mchanga wetu ni mweusi. Nilitwanga mawe ya volkano, nikayachekecha, nikayapaka rangi ya jangwa, na kila nilipofungua picha nyingine jangwa lilikuwa na rangi nyingine. Nilianza upya mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Juu ya kuta nilitia mabomba madogo ya mvua, kama yalivyo kwenye picha. Chini ya kila bomba nikaweka pipa la kukinga maji. Hayo mapipa hayakuwa kwenye picha, niliyaongeza kwa akili yangu, na niliyapenda kuliko kitu chochote. Okello alikuwa amenitumia sheria za mchezo, na mojawapo ilisema kila zamu kikosi kinakunywa maji, na kisichokunywa hakipigani. Niliisoma, nikayatazama mapipa yangu, nikatabasamu.

Siku ya kufunga mzigo, dada yangu mkubwa, yaya Espérance, aliingia. Yeye ni fundi wa cherehani, na ni mtu pekee ambaye neno langu la usiguse halimzuii. Alikuwa na kitu kwenye kiganja.

"Josué, askari yako banatembeaka na miguu siku zote? Banachoka. Nimebatengenezea chukudu."

Ilikuwa chukudu kweli, kama zile za mbao za magurudumu mawili zinazobeba mizigo barabarani kwetu, ila hii ya njiti za kiberiti, imebeba vibidoni viwili vya maji alivyokata kutoka kipande cha bidoni ya njano. Magurudumu yake yalikuwa vifungo vya shati, kila kimoja na matundu yake manne.

"Yaya, Sahara hakuna chukudu."

"Ulishafika Sahara?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Akaiweka katikati ya uwanja wa ngome yangu, mbele ya lango, akaondoka akiimba. Nikaitazama. Ilikuwa kubwa kuliko farasi wa askari. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda. Nikawaza uso wa Okello akiiona. Nikaiondoa, nikaizungushia kitambaa, nikaificha chini kabisa ya katoni.

Barabara ya kaskazini: ku magoti

Mtauliza kwa nini sikupita Gisenyi, upande wa Rwanda, kama watu wote. Magari ya huko yalitaka katoni yangu ikae chini ya mizigo. Papa Shabani peke yake ndiye aliyekubali iingie kwenye cabine ya lori lake, kwa sharti kwamba niishike ku magoti na nisilalamike. Papa Shabani ni mtu wa familia za Maniema zilizokuja Goma na biashara. Anavaa kofia ya kufuma, na kabla ya kila mteremko anasema bismillahi kwa sauti ya mtu anayemkumbusha Mungu miadi. Alikuwa anaenda kupakia maharage Kiwanja na kuyashusha Ishasha, mpakani. Mwenye maharage, Mama Noella, alikaa katikati yetu. Ni mama mpana, mcheshi, na hawezi kupita soko bila kununua.

Kibumba kulikuwa na baridi na ukungu, na wauzaji wa choux, yaani kabichi, walikuja mpaka dirishani. Mama Noella alinunua nne, akazitafutia mahali, akaona katoni yangu iko bapa.

"Usiguse!" nikapiga kelele.

"Mutoto, ni choux tu."

"Mama, nakuomba. Mule ndani iko ngome."

Ikabidi nifungue nimwonyeshe. Akaingiza kichwa kizima ndani ya katoni, akakaa humo muda, kisha sauti yake ikatoka: "Jiko iko wapi?"

Nikamwonyesha jiko. Akaridhika. Papa Shabani naye akachungulia, jambo lililonitisha kwa kuwa tulikuwa kwenye kona.

"Banani banakaa mule?"

"Askari wa Wafaransa, papa. Na Waafrika walioandikishwa."

"Na inje?"

"Inje ni wenye inchi."

Akasema bismillahi, tukashuka mteremko. Kisha akaanza kucheka peke yake.

"Mama Noella, unasikia? Zamani bakoloni balibebesha babu zetu mizigo kwa nguvu. Huyu amebajengea nyumba, na anaibeba ku magoti, na hakuna mutu alimulazimisha!"

"Papa, mimi ni mjenzi tu. Siko upande wowote."

"Eeh. Mujenzi aiko na upande. Hata mubebaji alisema vile."

Walicheka mpaka Rugari. Mimi nilicheka pia, lakini neno lile lilinikaa. Nilikuwa nimehesabu matundu ya bunduki ukutani, na sikuwahi kujiuliza hata mara moja ningependa nani ashinde.

Kalengera: mradi umefika

Karibu na Kalengera gurudumu la nyuma lilipasuka kwa mshindo. Nilikumbatia katoni nikafumba macho. Nilipoyafumbua Papa Shabani alikuwa tayari chini ya lori, na Mama Noella ananiambia nishuke, kwa kuwa wangeinua gari na jeki.

Nikaweka katoni juu ya jiwe pembeni ya barabara, nikaifungua kuhakikisha minara iko salama. Hilo ndilo kosa. Mtu mmoja alisimama kutazama, wakaja wengine, na punde nikawa nimezungukwa. Nilisikia neno likizunguka nyuma yangu: maquette, yaani mfano wa jengo litakalojengwa. Kisha wakapisha njia, akaja papa mmoja mwenye koti na viatu vilivyong'aa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu, injenia. Tulikuwa tunawangojea. Sasa hii ni hôpital ao ni shule?"

Nilifungua mdomo. Ningepaswa kusema palepale. Lakini mtu alikuwa ameshaniletea kiti, mwingine mahindi ya kuchoma na avoka lililokatwa na kutiwa chumvi, na mimi nikiwa na hofu huwa nakula. Kabla sijameza, papa mwenye koti alikuwa anawaeleza watu kwamba minara ni ya kuweka tanki za maji, na kwamba ukuta ni mnene kwa ajili ya wagonjwa wasisikie baridi. Kusema kweli alieleza vizuri. Mama mmoja aliuliza maternité, wodi ya kujifungulia, iko upande gani, naye akamwonyesha ghala la baruti.

Ndipo moyo ukanishinda. Nikasimama na hindi mkononi, nikasema, "Papa, nisamehe. Mimi siyo injenia, na hii siyo ya mradi. Ni ya kuchezea."

Papa mwenye koti akaondoa kidole kwenye ghala la baruti.

"Ya batoto?"

"Ya watu wakubwa."

"Batu bakubwa banakaa chini, banacheza na hii?"

"Mezani, papa. Na kete."

Akalitazama hindi langu, na nikadhani atalichukua. Badala yake akavua koti, akachuchumaa mbele ya ngome na kuuliza, "Basi nionyeshe. Adui anatokea wapi?"

Tulicheza hapo hapo. Maharage yalikuwa askari wa ndani na punje za mahindi zilikuwa watu wa nje. Hatukuwa na kete, tulirusha kifuniko cha chupa. Nilikaa na mikono nyuma ya mgongo kwa hofu ya kuona vidole vingi hivyo karibu na kuta zangu, lakini hakuna aliyevunja kitu. Papa mwenye koti aliongoza mahindi, akashindwa, akadai kurudia. Papa Shabani alipopiga honi kwamba gari iko tayari, waliomlaumu kwa haraka walikuwa wengi kuliko waliomshukuru kwa kupasua gurudumu kijijini kwao.

Kiwanja: kulala kwa Mama Noella

Kiwanja nitaeleza kwa kifupi kwa kuwa nililala sana. Lori lilipakiwa maharage, na dada yake Mama Noella alitupatia bugari, sombe ya majani ya muhogo na visamaki vya sambaza vya kukaanga. Yaya Espérance alipiga simu. Hakuuliza kama nimefika. Aliuliza, "Chukudu iko?"

"Iko salama, yaya," nikamjibu. Hapo sikudanganya. Ila aliendelea, "Askari banaipenda?" na mimi nikajifanya mtandao umekatika.

Ishasha: kiu

Kutoka Kiwanja nchi inashuka na joto linapanda. Mimi ni mtu wa baridi ya Goma. Tulipofika mpakani lori likawekwa nyuma ya malori mengine, na mstari haukutembea. Jua lilikuwa juu yetu, nyasi zilikuwa zimekauka mpaka mwisho wa macho, na hapakuwa na wingu hata moja.

Mbele yetu alisimama muzee mmoja, fundi mwashi anayefuata kazi upande wa pili. Aliona ngome wakati nikiipepea. Ndiyo, niliipepea, niliogopa gundi italegea.

"Nani alipiga crépissage hii?" akauliza, akiionyesha plasta ya ukuta.

"Ni miye, muzee."

"Iko muzuri sana," akasema, na kama wafanyavyo waashi wote wakitaka kujua ukuta, akaugonga kwa kidole. Kidole kikapita mpaka upande wa pili.

Tukatazamana, kidole chake kikiwa bado ndani ya Sahara. "Kumbe hamukutia simenti," akasema kwa masikitiko, kama vile nimedanganywa na muuzaji. Alikitoa polepole, akaniomba radhi, akaniombea baraka, na tundu likabaki ukuta wa kaskazini, duara safi.

Nilikaa chini ya lori. Maji yangu yalikuwa na moto kama ya chai, nikayanywa yote, bado nina kiu. Nilikuwa naangalia uwanja wa ngome kupitia tundu la kidole nikijaribu kutolia, na jicho langu likaangukia pipa. Pipa zuri, na pete zake za waya. Nikawaza: ningekuwa mule ndani leo, ningekunywa nini?

Nikatazama mbingu. Hakuna wingu. Nikatazama pipa. Nikaelewa.

Marafiki, nyinyi mtanielewa kuliko mtu mwingine. Kwetu nani anachimba kisima? Ukichimba unakutana na jiwe la volkano. Maji ya Goma yanatoka kwenye bati mvua ikinyesha, ama yanapanda kutoka ziwani ndani ya bidoni. Nilikuwa nimejenga ngome ya Sahara ambayo inangoja mvua ya Goma. Kila picha niliyoitazama ilikuwa na kisima katikati ya uwanja, na mimi nilidhani ni mahali pa kufungia ngamia.

Nikamwambia Mama Noella, kwa kuwa ilikuwa lazima nimwambie mtu. Alicheka mpaka akashika mlango wa lori. Akamwita Papa Shabani asikie. Akamwita mwashi. Mstari mzima wa malori ukajua kwamba kijana wa Goma amewajengea Wafaransa nyumba bila maji.

"Acha bangojee," akasema Papa Shabani akifuta machozi. "Mvua itakuja mwezi wa tisa!"

Sikuweza kutoboa uwanja, ulikuwa umegandishwa wote. Sheria ilikuwa wazi: kikosi kisichokunywa hakipigani. Ngome yangu ingekufa kabla kete hazijapata joto, mbele ya watu niliotaka waseme iko sawa. Nilimwambia Mama Noella nataka kurudi naye Goma.

Akaacha kucheka. Akachukua katoni, akaiweka ku kichwa chake, mimi nikiwa nimeshika moyo, akatembea nayo mpaka kwenye kizuizi na kunikabidhi hapo.

"Banakungojea kule. Bakikucheka, si umeshazoea? Sisi tumeanza. Enda."

Njia ya Kampala: keki

Upande wa Uganda nilipanda basi na nikalipia kiti cha pili kwa ajili ya katoni. Nikaifunga mkanda. Kiti cha nyuma yangu alikaa mama mmoja aliyekuwa na maneno machache ya Kiswahili, na mimi sina hata moja la lugha yake. Aliitazama katoni, akatazama mikono yangu iliyoikumbatia, akanigusa bega.

"Keki?"

Nilikuwa nimechoka. Nikatabasamu.

"Harusi?"

Nadhani nilitikisa kichwa kukubali. Huenda basi ndilo lililokitikisa. Mama yule aligeuka akatangaza kwa abiria wote, na kuanzia hapo ngome yangu ilisafiri kama bibi harusi. Mtu alipopita na mkungu wa ndizi walimzuia kwa makelele. Kwenye matuta abiria walimpigia dereva kelele apunguze mwendo, naye akapunguza. Tuliposimama, mama alininunulia gonja, ndizi ya kuchoma, na kunilazimisha nile, kwa kuwa bwana harusi asiye na nguvu ni aibu ya ukoo. Hilo alilieleza kwa mikono, na basi lote lilielewa kabla yangu.

Tulipopita Masaka walianza kuimba. Sikuwa na moyo wa kuwaambia. Nilifika Kampala kwa vigelegele, nikashuka na katoni huku watu wakinipigia makofi madirishani, na aliyekuja kunipokea, Okello, akauliza kwa mshangao hawa wote wananijua vipi.

Sebule ya Okello

Okello ni mtu mwembamba, mpole, aliyekulia Nairobi, hivyo Kiswahili chake kimenyooka. Anapaka rangi askari wake kwa vifaa vya kusafishia meno. Kwenye meza ya chakula alikuwa ametandika kitambaa cha rangi ya jangwa, na mwisho wa meza kulikuwa na kijioo kidogo kama bwawa na mitende imekizunguka. Wachezaji wengine walikuwa wameshafika. Aliyepangiwa kuongoza kikosi cha ngome ni Wanjiru, Mkenya, mhandisi wa barabara mwenye sauti ya kuongoza watu barabarani kweli.

Niliweka ngome mezani. Wakainama. Okello aliugusa mchanga kwa ncha ya kidole.

"Rangi hii umeipata wapi?"

"Ni mawe ya volkano. Nimeyapaka."

"Umepaka jangwa punje kwa punje?" akauliza Wanjiru.

Ningeweza kunyamaza hapo nikafurahia. Lakini mimi siwezi kukaa na kosa, linaniwasha. Nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba hakuna kisima, kwamba mapipa ni ya mvua, kwamba kwetu mvua inanyesha, na kwamba kuna tundu la kidole ukuta wa kaskazini. Tundu walilitafuta. Hakuna aliyeliona mpaka nilipowaonyesha.

"Sasa mimi nitakunywa nini?" Wanjiru akaniuliza. "Kapiteni mzima nimekufa kabla ya chai?"

Okello alifungua sheria zake, akakuna kichwa. "Bila maji hawamalizi zamu tatu. Labda tuchukue meza nyingine leo. Tuweke ile ya daraja."

Meza nyingine. Niliona mikono yake ikienda kwenye ngome kuiondoa, na sijui niliwaza nini. Nadhani niliwaza Mama Noella na katoni yangu kichwani. Nikasema, "Ngoja. Kwetu pia hakuna visima, na watu wanakunywa."

Nikaingiza mkono chini kabisa ya katoni, nikafungua kitambaa, nikaweka chukudu ya yaya Espérance mbele ya lango.

"Hii," nikasema, "inaenda bwawani kila zamu na kurudi."

Ilibaki pale, kubwa kuliko farasi, na gurudumu lake la nyuma limepinda. Wanjiru aliiinua kwa vidole viwili akaileta machoni.

"Haya magurudumu ni vifungo?"

"Vya shati."

"Na hii ya njano ni jerikeni? Yaani jerikeni imefika mpaka kwa Wafaransa?" Akaanza kucheka, lakini si kicheko nilichokiogopa. Alikuwa ameshaanza kuipima njia kwa macho, kutoka lango mpaka mitende. "Okello, hii ni hatari. Hii inabadilisha kila kitu. Nani analinda njia?"

Wote wakaanza kusema pamoja. Je, chukudu inakwenda kasi gani? Sheria hazikusema. Wakanigeukia, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa mtaalamu pekee chumbani.

"Kwenye mteremko inashinda farasi. Kwenye mlima mtu anasukuma."

"Na breki?" Okello akauliza, kalamu mkononi.

"Breki ni kiatu."

Akaandika: breki ni kiatu. Kisha akauliza kama mimi, mwenye ngome, nitakaa ndani na Wanjiru. Nikamkumbuka Papa Shabani akicheka peke yake kwenye kona.

"Hapana," nikasema. "Leo nakaa inje."

Zamu ya kwanza chukudu ilishuka na kurudi salama, na Wanjiru akaishangilia kama timu ya taifa. Zamu ya pili hivyo hivyo. Nilikuwa na mzinga mmoja. Okello alinieleza kwamba nikipata kete nzuri naweza kuangusha mnara, na kwamba mnara ukianguka itabidi tuung'oe kweli mezani. Niliutazama mnara. Nikawaambia watu wangu wauache mzinga. Nikawatuma wapanda ngamia wote kwenye mitende, wakajipanga nyuma ya kijioo, wakangoja.

Chukudu ikaja. Ikajaza. Ikageuka kurudi, na hapo ndipo palikuwa na mlima. Mtu anasukuma. Nikarusha kete, na sebule yote ikapiga kelele, hata waliokuwa upande wa Wanjiru. Vibidoni viwili vya njano vikawa vyangu.

Wanjiru hakukubali upesi. Alitoa kikosi mara mbili, mara mbili nikakirudisha. Walinzi wake wakaanza kulazwa kando ya mapipa matupu. Mwishowe akainua mikono.

"Nafungua lango. Hakuna ukuta hata mmoja uliopigwa, na nimeshindwa na vifungo vya shati." Kisha akasita. "Fungua mwenyewe, Josué. Naogopa kukuvunjia."

"Gusa tu," nikamwambia. "Fungua."

Alifungua kwa ukucha. Bawaba niliyoitengeneza kwa ngozi ikakatika, na lango likaangukia mchangani. Wote wakaganda wakinitazama. Mimi mwenyewe nilijingojea nione nitafanya nini. Nikacheka. Nilicheka kama Mama Noella, nimeshika ukingo wa meza.

Okello hakusema iko sawa. Alizunguka meza, akachuchumaa upande wa lango lililoanguka, akachungulia uwanjani kupitia tundu la mwashi. "Iache hapa kwangu," akasema. "Jumamosi ijayo nataka mimi niwe ndani. Na chukudu yako, tafadhali."

"Ngome ibaki. Chukudu ni ya dada yangu, inarudi."

Kurudi

Nilirudi na katoni tupu na chukudu mfukoni mwa shati. Kwenye basi la kurudi hakuna aliyenipigia vigelegele, lakini nililala nimenyoosha miguu. Ishasha nilimkuta Papa Shabani akingoja mzigo. Hakuuliza kama ilifika nzima. Aliuliza nani alishinda.

"Ba inje, papa."

Akapiga honi ndefu, na malori ya nyuma yakajibu bila kujua sababu. Kalengera alipunguza mwendo ili nimpungie mkono papa mwenye koti, naye akanionyesha kwa ishara ya kurusha kifuniko kwamba bado ananidai mchezo.

Nyumbani nilimkuta yaya Espérance kwenye cherehani. Nilimweleza yote, hata kitambaa na chini ya katoni. Akasimamisha cherehani, akanyoosha mkono. Nikampa. Akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akakunja uso.

"Na balikuwa banaitazama hivi, batu bote bale? Gurudumu ya nyuma imepinda. Nipe sindano pale, niitengeneze."

"Yaya," nikamwambia, "usiguse."